Mfumo haukwami ila watu hawautaki: tafuta tatizo kwenye mahitaji, siyo kwenye kodi (code) ya programu

Watu wengi wananiita wakiwa wameshachelewa. Mfumo wa kompyuta umeandikwa, pesa ya awamu ya pili imeliwa, halafu ndo nasikia "njoo utuangalizie kuna bagi", yaani kosa kwenye programu. Naenda, nafungua, bagi hamna. Kodi inafanya kile ilichoambiwa, ila kilichoambiwa ndo siyo. Na hiyo huitibu kwa kukesha na laptopu, inabidi urudi mpaka siku ile uliyokaa na mteja ukaandika aliyokwambia, hayo ndo naita mahitaji.

Mifano mingi nitaitoa kwenye SACCOS, vyama vya akiba na mikopo, maana huko ndo nimezoea, ila hata ukiwa na duka la dawa, shule au gereji utazitambua dalili. Kila dalili nimeanza na sababu ninayoikuta mara nyingi nikashuka mpaka ile ya nadra. Vipimo vya bure kwanza jamani, usikimbilie kubomoa.

DALILI: Mteja alikubali kila kitu, siku ya demo (kuonyeshwa mfumo) anasema "hiki sicho"

Sababu ya kwanza, na karibu kila mara ndo hii hii: uliongea na mabosi tu. Meneja anaijua kazi jinsi ilivyoandikwa kwenye sera ya mikopo, karani wa kaunta anaijua jinsi inavyofanyika saa nne asubuhi foleni imefika mlangoni na printa imegoma. Ni kazi mbili tofauti zenye jina moja. Kipimo chake ni dakika mbili, fungua daftari lako uhesabu majina ya uliowahoji, kama wote wana ofisi yenye mlango basi umeshapata jibu.

Ya pili ni heshima. Makarani uliwahoji kweli, ila meneja alikuwa amekaa palepale, sasa nani atamkosoa bosi wake mbele ya mgeni? Unauliza "huwa mnatoa mkopo kabla wadhamini hawajasaini?" meneja anadakia hapana haiwezekani, dada wa kaunta anaangalia chini. Huko kuangalia chini kuandike kwenye daftari kama jibu. Halafu mtafute baadaye akiwa peke yake, mnywe chai, na usimuulize kama wanavunja utaratibu, muulize "mkopo wa dharura wa mwisho ulikuwaje kuwaje?" Watu wengi kanuni hawawezi kukuelezea ila kisa watakisimulia mpaka mwisho, na kanuni zote zimo humohumo.

Ya tatu, maswali ya ndiyo na hapana. "Mtahitaji ripoti?" Hivi hapo unategemea nani aseme hapana. Omba ripoti aliyoipeleka kwenye bodi mwezi uliopita, ile yenyewe, na yale maandishi ya kalamu pembeni usiyaruke maana ndo sehemu tamu.

Ya nne, hakuona kitu chochote mpaka siku ya demo. Chora skrini kwenye karatasi kwa kalamu ya risasi, mwekee mezani, mwambie "mwanachama amekuja kuweka 20,000, haya mhudumie" halafu nyamaza. Pale kidole chake kinapogoma ndo penye kazi. Mimi huwa nachora vibaya makusudi, maana ukimletea picha nzuri yenye rangi mtajadili rangi mpaka jioni.

Kama umepima yote na bado, basi tiba ni ya kina na haina njia ya mkato: kaa kaunta. Siyo saa moja, kaa siku ya kawaida, kaa mwisho wa mwezi, kaa siku wanayotoa mikopo. Na ukiwa pale tafuta daftari dogo. Kila ofisi niliyowahi kuingia ina daftari dogo, wengine ni kauntabuku iliyochoka, wengine wanaandika nyuma ya kalenda, wengine ni faili la Excel linaitwa "mpya final 2", na humo ndo kumeandikwa yote ambayo fomu rasmi haina nafasi yake, fulani amelipa nusu, fulani ameacha kadi ya pikipiki, fulani rejesho lake huwa analeta mdogo wake. Hilo ndo orodha yako ya mahitaji, ile uliyoandikiwa kwenye barua ya mwaliko ni mapambo. Kuna ofisi nilizungushwa wiki mbili sijaonyeshwa, nikaja kuonyeshwa siku nilipomsaidia karani kubeba maboksi ya risiti kupeleka stoo.

DALILI: Hesabu za mfumo na za daftari hazikubaliani

Hapa nitakaa kidogo maana ndo panapovunja mikataba.

Sababu kubwa ni kanuni iliyosemwa kwa mdomo ikaandikwa kwa mdomo. "Riba yetu ni asilimia 2 kwa mwezi." Umeandika, umeridhika, umeondoka. Sasa chukua mkopo wa 1,200,000 kwa miezi 12. Kama riba inapigwa kwenye mkopo wa mwanzo mwezi hadi mwezi ni 24,000 mara 12, yaani 288,000. Kama inapigwa kwenye deni lililobaki, na kila mwezi anapunguza 100,000 ya mkopo, riba yote inakuja 156,000. Tofauti ni 132,000 kwa mtu mmoja, na sentensi ni ileile, hamna aliyedanganya hapo.

Hii ilinipiga mimi mwenyewe. Chama kimoja, jina nalihifadhi, niliweka riba inayopungua kwa sababu ndo niliyoizoea, sikuuliza, nao walikuwa wanakata ile ya moja kwa moja tangu waanze. Mwezi mzima ukapita bila malalamiko, na kwa kweli ni mwanachama gani atalalamika rejesho limeshuka? Aliyegundua ni mhasibu siku ya kufunga mwezi. Kubadilisha kodi ilichukua nusu saa, kuwaeleza watu wenye risiti mkononi kwamba deni lao siyo hilo ilichukua mkutano, na mimi nilikalishwa mbele.

Kipimo: omba mikopo mitano iliyokwisha kulipwa kabisa, kaa na karani mpige kwa mkono, kalamu na kikokotoo, halafu linganisha na mfumo. Usichukue ile misafi. Chukua wa aliyechelewa miezi miwili, wa aliyelipa yote mapema, wa aliyeongezewa mkopo juu ya mkopo, wa aliyehama kazi makato ya mshahara yakakatika, na wa aliyefariki. Wa aliyefariki usiuache, hata kama kuuliza kunakuwa kuzito, kwa sababu hapo ndo utajua kama deni linafutwa na akiba yake kwanza, au bima, au wanaguswa wadhamini, na mara nyingi utakuta ofisini wenyewe hawajakubaliana. Ukifika hapo siyo kazi yako kuamua, warudishe kwenye sera na bodi yao, usijaze pengo kwa akili yako.

Sababu ya pili, neno moja lenye maana mbili tatu. "Mwanachama anakopa mara tatu ya akiba." Poa, ana akiba 500,000, hisa 200,000, na anadaiwa 400,000. Anakopa ngapi? Ukihesabu akiba peke yake ni 1,500,000. Ukijumlisha hisa ni 2,100,000. Ukitoa deni analodaiwa inakuwa 1,100,000 au 1,700,000. Majibu manne, na nimeshawahi kuyapata matatu ndani ya ofisi moja asubuhi moja. Dawa ni karatasi moja tu ya maneno na maana zake, akiba ni nini, mwanachama hai ni yupi, mkopo chechefu unaanza kuitwa chechefu siku ya ngapi, na kila neno liwe na mfano wa tarakimu chini yake. Watu wanasaini maneno bila kusoma, tarakimu wanazisoma.

Ya tatu inachekesha mpaka ikukute: saa. Mteja anasema mfumo ufunge siku saa kumi na mbili. Wewe na mimi tunajua ni jioni. Developa anayefanya kazi toka nje, au hata kijana wa hapahapa aliyezoea kusoma saa kwenye kompyuta, anaandika 12:00 na kaunta inafungwa adhuhuri watu wamejaa. Kwenye waraka andika 18:00, basi, hata kama mteja anaona unajikweza. Na hao wanaosema mambo ya vipimo ni madogo wakumbuke chombo cha Mars Climate Orbiter cha NASA, kilipotea Septemba 1999 kilipofika Mars kwa sababu programu moja ilikuwa inatoa namba kwa vipimo vya Kiingereza na nyingine inazisoma kama za metriki. Wale walikuwa na wahandisi kibao, wewe uko peke yako na bando linaloisha.

Ya nne, misamaha. Faini ya kuchelewa ipo kwenye sera ila mwezi wa ada za shule hawaikati, au mwalimu ambaye mshahara umechelewa hakatwi. Uliza "nani huwa anasamehewa na nani anaidhinisha", halafu weka batani ya kusamehe yenye jina la aliyeidhinisha na sababu. Usipoiweka watasamehe tu, ila watafanya kwa kuchezea tarehe.

Ya mwisho ni senti. 1,000,000 kugawa kwa 12 ni 83,333.33 na hiyo .33 hakuna anayeilipa kaunta. Kubalianeni mnaviringisha kwenye shilingi ngapi na rejesho la mwisho linabeba mabaki, imeisha hiyo.

SIMAMA HAPA: ukiona tofauti zina mwelekeo mmoja, yaani kila mara pesa ya daftari ni pungufu, ni zamu za mtu yuleyule, ni siku zilezile, hilo siyo tatizo la mahitaji tena. Usirekebishe data, usimuulize mhusika, usianze upelelezi. Tunza nakala kama zilivyo, iarifu bodi kwa maandishi, waachie wakaguzi, iwe COASCO (shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika Tanzania) au mkaguzi wa nje waliyemweka. Nimeshaona developa anajikuta yeye ndo mshukiwa kwa sababu alikuwa mtu wa mwisho kugusa databezi.

DALILI: Mahitaji hayaishi, kila Jumatatu kuna jipya

Unaamka unakuta sauti saba za WhatsApp, ya kwanza inaanza "kaka samahani, kuna kakitu kadogo". Mara nyingi chanzo ni kwamba hakuna siku mliyosema sasa tumefunga. Angalia mkataba wako, kuna orodha yenye namba na tarehe na sahihi? Kama hamna basi kwa mteja huyo si mabadiliko, ni kazi ileile ambayo wewe hujaimaliza, na kiukweli ana haki.

Chanzo cha pili hatupendi kukikubali: siyo jipya, ulilikosa mwanzo. Kipimo, muulize hilo jambo wamekuwa wakilifanya tangu lini. Akisema "miaka yote" basi hilo la kwako, kula hasara kimya kimya, hasa kama ni la kaunta.

Cha tatu, hakuna mtu mmoja wa kuamua, mwenyekiti anaomba lake, meneja lake, mjumbe wa kamati ya mikopo naye ana mtoto anayesoma IT. Omba barua inayotaja jina moja, huyo ndo atakayekubali au kukataa, wengine wote wapitie kwake. Cha nne, sheria au mwongozo umebadilika kweli, inatokea, hapo mnaongea bei upya bila kununiana.

Tiba: daftari la mabadiliko lenye safu nne, nani kaomba, kwa nini, itachelewesha siku ngapi, itagharimu kiasi gani. Ajabu yake maombi nusu yanakufa yakifika kwenye safu ya "kwa nini". Yanayobaki yagawe yale ambayo bila hayo hamfungui ofisi, yale yanayosaidia, na yale ya kupendeza. Mteja akikwambia yote ni ya lazima muulize tu, "Jumatatu umeme ukirudi saa tano na una saa moja ya kazi, unaanza na lipi?"

DALILI: Sehemu za kujaza zimejaa 0000 na "xxx"

Angalia kwanza mwenyewe, piga kwiri (swali kwa databezi) ikuonyeshe thamani zinazojirudia zaidi kwenye kila sehemu. Ukikuta namba ya NIDA moja ina wanachama arobaini, hujavamiwa na wadukuzi, ni wewe uliyeifanya iwe lazima. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, karani mwenye foleni na bibi ambaye kitambulisho kiko nyumbani atafanya nini? Atajaza sifuri 20, na mfumo utamshukuru.

Sababu nyingine ni namba ya simu uliyoifanya isijirudie, wakati kuna familia mama na binti wanatumia laini moja. Nyingine ni data inajazwa jioni mwenyewe ameshaondoka, kwa hiyo karani anabuni.

Kwa kila sehemu uliza swali moja, "hii taarifa nani anaisoma na anafanyia nini?" Kama hamna jibu ifute. Kama jibu lipo ila mwanachama anaweza asiwe nayo leo, weka "bado hajaleta" iwe jibu halali na mfumo umkumbushe akija tena.

SIMAMA HAPA: unapokusanya vitambulisho, mishahara, picha, alama za vidole au taarifa za afya upo ndani ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na kuna Tume yake. Wakenya wana ya kwao ya 2019. Kama huna uhakika mteja wako anaruhusiwa kukusanya nini na kukitunza wapi, tafuta mwanasheria kabla ya kutengeneza jedwali. Usiende kwa mazoea ya "wengine wanafanya".

DALILI: Wakubwa wawili wanataka vitu vinavyopingana

Fupi. Usichague upande na usitengeneze vyote viwili. Waandikie ukurasa mmoja, njia A inaleta hivi, njia B inaleta hivi, wape wote wawili siku moja chumba kimoja. Kama hawawezi kukaa chumba kimoja tatizo lao siyo la kompyuta, sitisha kazi kwa barua mpaka bodi iseme, ukiendelea utalipwa na mmoja na kushtakiwa na mwingine.

DALILI: Mfumo umezinduliwa, keki imekatwa, watu wamerudi kwenye daftari

Anza kuhesabu hatua. Kupokea amana kwenye daftari ni mistari miwili na sahihi. Kwenye mfumo wako ni skrini ngapi? Chukua simu, washa saa, mtazame karani akihudumia watu kumi. Kama daftari linashinda kwa muda, daftari litashinda kwa kila kitu. Hapa ndo unagundua ubaya wa kuandika "mfumo uwe wa haraka na rahisi kutumia" kwenye waraka, hiyo sentensi haipimiki. Andika "karani aliyefundishwa siku moja apokee amana na kutoa risiti ndani ya sekunde 40", sasa mna kitu cha kugombania.

Inayofuata ni mazingira. Uliuliza umeme unakatika mara ngapi? Intaneti inapopotea kaunta inafanya nini, inafungwa? Kama jibu ni "wanaandika kwenye daftari halafu wanaingiza baadaye" basi daftari ni sehemu ya mfumo, litengenezee fomu na utaratibu wa kuingiza, usijifanye halipo.

Halafu kuna kuletewa mfumo kama mvua. Gari za wagonjwa za London, Oktoba 1992, waliwasha mfumo mpya wa kupangia magari jiji zima kwa mpigo. Ulitegemea taarifa za gari liko wapi na liko huru au la ziwe sahihi muda wote, na watu wa kwenye magari hawakushirikishwa vya kutosha kwenye kuutengeneza, taarifa zikawa zinapishana na hali halisi, simu zikarundikana, magari mawili yanatumwa sehemu moja na kwingine hakuendi gari. Siku chache baadaye, tarehe 4 Novemba, ukakwama kabisa wakarudi kwenye karatasi. Kwa hiyo ukiwa na kaunta tatu washa moja, acha mbili ziendelee kama zamani, mwezi mmoja.

Sababu ya nadra ila ipo: kuna mtu karatasi inamlisha. Kwa hilo rudi juu kwenye ile onyo ya wakaguzi.

SIMAMA HAPA kama mfumo unagusa uhai wa watu, dozi za dawa, damu, gari la wagonjwa, au unashika pesa za watu na kuunganishwa na benki na mitandao ya simu. Kuhoji na kuchora unaweza ukafanya, ila mahitaji ya usalama yapitiwe na mtu ambaye hiyo ndo kazi yake, na alipwe, siyo "bro nipitie hii usiku".

DALILI: Hakuna dalili

Hakuna anayelalamika, hakuna sauti za WhatsApp, mteja ukimpigia anasema "uko vizuri kabisa kaka, tunashukuru". Hii ndo inayonitisha kuliko zote. Usianze kuhoji watu, fungua logi (kumbukumbu za matumizi ya mfumo) uangalie nani ameingia na lini. Mara ya mwisho nilipokuta ukimya wa namna hiyo, mfumo ulikuwa haujafunguliwa wiki sita, na aliyeufungua mara ya mwisho alikuwa mimi.